Futiboli ya Kimarekani ya vyuo, 1943: jeshi la nchi kavu au la majini?

Vita vilipopamba moto, uhai wa timu ya chuo ulitegemea sana ni jeshi gani linafunza vijana pale. Jeshi la nchi kavu liliwakatalia wanafunzi wake: hakuna muda wa mechi. Alabama na Tennessee hazikuingiza timu kabisa mwaka ule.

Jeshi la majini, kupitia mpango wa V-12 wa kufunza maofisa vyuoni, liliruhusu, tena likahamisha vijana chuo hadi chuo. Elroy Hirsch, nyota wa Wisconsin, akajikuta anaichezea Michigan! Purdue ikamaliza msimu bila kupoteza mechi. Burudani ilikuwa huku, ingawa sidhani ulikuwa ushindani wa haki. Na hata huku vita vilidai chake: Notre Dame ilimpoteza nyota wake Angelo Bertelli katikati ya msimu, akaenda kikosi cha wanamaji cha Marines, lakini ikatwaa ubingwa.