RTX 3060 ya GB 12 kwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba

Kadi yenyewe haina neno. RTX 3060 ya GB 12, kadi ya michoro ya NVIDIA, ilitoka Februari 2021, na hadi leo inamtosha mtu anayehariri video, anayechora picha za 3D kwa programu ya Blender au anayecheza michezo kwenye skrini ya 1080p. Kumbukumbu ya GB 12 ni nyingi kuliko ya kadi kadhaa zilizokuja baada yake. Shida iko kwenye nyumba inayohamia. Kampala kadi hii mara nyingi huishia ndani ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zile mashine za ofisi zinazoletwa mtumba kutoka ng'ambo, na siku ya pili kompyuta inaanza kuzimika katikati ya kazi. Hapo kadi hupelekwa kwa fundi, fundi huiwasha kwenye mashine yake, nayo hufanya kazi bila kukohoa.

Hesabu ya umeme ndiyo inayoeleza mengi. OptiPlex 9020 ya mnara huja na pawa saplai ya wati 290. RTX 3060 peke yake imepangiwa wati 170. Prosesa ya i7-4770 imepangiwa 84. Ukiongeza diski, RAM, feni na ubao mama, unakaribia 300, na hapo ni matumizi ya wastani tu. Kadi za kizazi hiki huvuta pigo la ghafla linalopita kiwango chake kwa milisekunde chache, na pawa saplai ikihisi imezidiwa hujikatia umeme yenyewe. NVIDIA wanashauri wati 550, na kwa mashine kama hizi ushauri huo si wa kutisha watu wanunue zaidi.

Usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali dogo kwenye lebo, mstari wa +12V, kwa sababu kadi na prosesa hula kutoka hapo. Pawa saplai inaweza kujiita ya wati 600 huku mstari huo ukiwa na ampea 18: zidisha 18 kwa 12 upate wati 216. Hiyo haifai hata kujaribiwa. Kwa kadi hii tafuta ampea 35 au zaidi kwenye 12V, yenye alama ya ubora wa kutumia umeme, 80 Plus Bronze kwenda juu. Na iinue kwa mkono. Ile nyepesi kama boksi tupu, iache hapo hapo kaunta.

Kubadilisha pawa saplai kwenye mashine hizi kuna mtego wake. OptiPlex 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye ubao mama. Ina yake ya pini 8, kwa hiyo utahitaji kiunganishi cha 24 kwenda 8. HP nazo zina plagi za peke yao. OptiPlex 7010 ya mnara, ile ya zamani ya 2012, ina afadhali, kwa kuwa inakubali pini 24 moja kwa moja. Jua modeli yako kabla ya kulipa chochote, na pima nafasi ndani ya kasha kwa rula: kadi yenye feni mbili mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 25, unene wa nafasi mbili, na kibanda cha diski mara nyingine hukaa njiani.

Halafu kuna zile adapta. Pawa saplai ya ofisi haina waya wa pini 8 kwa ajili ya kadi, basi muuzaji anakupa adapta inayotoka kwenye plagi ya SATA, ile ya kulisha diski. Ikatae. Plagi moja ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54. Nafasi ya PCIe, pale kadi inapokaa kwenye ubao mama, hutoa wati 75 kwa kikomo, kwa hiyo waya unadaiwa karibu wati 100 zilizobaki, na plastiki inaanza kulainika. Harufu ya plastiki ukishaisikia, umechelewa. Jambo jingine: plagi ya pini 8 ya prosesa, ile ya 4+4, inafanana na ya kadi, ya 6+2, lakini upande wa volti na upande wa ardhi vimegeuzana. Ikigoma kuingia usiisukume. Ya kadi ikiingia sawasawa kile kiulimi cha pembeni kinalia “tak”, na vipande vya 6 na 2 vinalala usawa mmoja. Kipande cha 2 kikichungulia nje kwa milimita moja, kompyuta itawaka, itafungua intaneti vizuri, kisha itakuangusha dakika ya kumi ya mchezo.

Namna kompyuta inavyoanguka ndiyo inayokueleza pa kutafuta. Ikizimika kama mtu amechomoa waya ukutani, bila skrini ya bluu, tena kadi ikiwa na mzigo, ni umeme. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs kisha System, utakuta Kernel-Power namba 41, na ndani yake BugcheckCode, namba ya kosa, ni 0. Namba 41 peke yake haithibitishi kitu, inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kistaarabu. Ile sifuri ndiyo inayoonyesha kwamba Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika.

Skrini ikiwa nyeusi, sauti inaendelea, na feni za kadi zinavuma kwa kasi yote, angalia plagi ya kadi na jinsi kadi ilivyokaa kwenye nafasi yake. Skrini ikizima sekunde mbili na kurudi huku programu imejifunga, utakuta namba 4101 au jina nvlddmkm, ambalo ni draiva ya NVIDIA: Windows husubiri kadi ijibu kwa sekunde 2, isipojibu huianzisha upya draiva. Kuianzisha kukishindikana unapata skrini ya bluu ya VIDEO_TDR_FAILURE, 0x116. Hizi mbili zaweza kuwa draiva, joto, RAM, au umeme tena. Lakini ukiona vidoti vya rangi au mistari hata ndani ya BIOS, ile skrini ya mipangilio ya ubao mama, kabla Windows haijawaka, usipoteze muda na draiva. Kumbukumbu ya kadi imeumia. Irudishe.

Kipo kipimo kimoja kisichogharimu hata shilingi, na ni ajabu jinsi kinavyosahaulika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika nvidia-smi -q -d POWER usome kiwango cha chini na cha juu ambacho kadi inakubali. Kisha andika nvidia-smi -pl 110, na kadi haitapewa ruhusa ya kupita wati 110. Rudia kazi ile ile iliyokuwa inaangusha mashine. Ikidumu saa nzima bila kuzimika, pawa saplai imekiri. Kikomo hiki hufutika ukiwasha kompyuta upya, kwa hiyo hakiharibu kitu. Wapo wanaokiacha hivyo kwa miezi huku wakitafuta fedha za pawa saplai. Kasi inapungua kiasi, kazi inaendelea. Si dawa, ni panadoli.

Draiva inashughulikiwa mara moja, kwa utaratibu. Pakua kwanza draiva mpya kutoka NVIDIA, andaa bando maana faili linapita MB 600, na pakua DDU, programu ya kufuta draiva za zamani. Chomoa intaneti, la sivyo Windows itakuwekea draiva yake kabla hujamaliza. Shikilia Shift ukibonyeza Restart, ingia Safe Mode, endesha DDU ifute draiva zote za zamani, za AMD au Intel zikiwemo kama kulikuwa na kadi nyingine, kisha weka mpya. Wabunifu wa Nasser Road, mtaa wa uchapishaji hapa Kampala, wanaokaa siku nzima kwenye Photoshop na Premiere wachukue Studio Driver. Haibadilishwi kila wiki.

Mashine isipoonyesha kitu kwenye skrini na kupiga milio, chomoa kadi uingie BIOS kwa michoro ya ndani ya prosesa: sasisha BIOS, zima CSM, ile sehemu inayoiga BIOS ya zamani. Ila tahadhari, kama Windows iliwekwa kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, haitafunguka CSM ikizimwa. Igeuze kwanza kwa mbr2gpt, programu ya Windows yenyewe, baada ya kunakili mafaili yako pembeni.

UPS nayo inastahili lawama yake. Zile ndogo za 650VA hubeba takriban wati 360, na nyingi hutoa mawimbi ya ngazi ngazi badala ya laini. Umeme ukiwa mzuri huoni tatizo. Ukikatika huku kadi iko na mzigo, UPS inalia mara moja, pawa saplai yenye PFC hai, saketi inayonyoosha mvuto wa umeme, haipendi mawimbi yale, na vyote vinazima pamoja. Watu wanasema kadi mbovu, kumbe ilikuwa UPS. Chukua ya 1000VA au zaidi, ya mawimbi laini ukiweza, na usiivunje pini ya ardhi kwenye plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Hapa umeme ni volti 240. Pawa saplai za bei rahisi zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma, hakikisha kiko 230 kabla ya kuwasha. Kosa hilo halina jaribio la pili.

Ukinunua kadi iliyotumika, iwashe dukani. GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ionyeshe Shaders 3584, Bus Width 192 Bit, Memory Size 12288 MB. Lipo toleo la GB 8 lenye upana wa biti 128, jina lile lile, na mwendo wa kumbukumbu wake ni GB 240 kwa sekunde badala ya 360. Bei ya GB 12 usiilipe kwa hilo. Endesha FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo, dakika 15 ukitazama joto. Kwa kadi hii kikomo ni nyuzi 93, na ikikimbilia huko ndani ya dakika chache, pasta ya kupitisha joto imekauka au feni zimechoka, labda kwa kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali iliyoisha Ethereum ilipobadili mfumo Septemba 2022. Na ukiibeba kompyuta kwa bodaboda, chomoa kadi uifunge peke yake. Mashimo ya barabarani huilegeza kwenye nafasi yake, wakati mwingine hupasua nafasi yenyewe.

Kwa asiyetaka kugusa pawa saplai ya wati 290, RTX 3060 si yake. Achukue GTX 1650 isiyo na plagi, ambayo inaishi kwa wati 75 za ubao mama peke yake. Aikague kwanza, maana zipo zenye plagi ya pini 6 juu. Mwenye pawa saplai nzuri ya 500 anayecheza michezo tu, RX 6600 inakula wati 132 na haimwangushi. Anayehitaji Blender au CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuhesabia kwa kadi, arudi kwenye 3060, akapige bei ya kadi na ya pawa saplai kwa pamoja siku hiyo hiyo.