Olympus OM-1: madoa, giza na fokasi isiyokubali kwenye viufainda

Nimetumia kamera kadhaa ndogo za filamu, na kwangu hakuna yenye viufainda (kitundu cha kuchungulia picha) inayoipita ya OM-1. Inaonyesha asilimia 97 ya fremu, na kwa lenzi ya milimita 50 ukuzaji wake ni mara 0.92, kwa hiyo unachungulia kama dirishani. Lakini kamera hii ilitoka mwaka 1972 ikiitwa M-1, ikapewa jina la OM-1 mwaka uliofuata. Kwa umri huo, viufainda ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Ukikuta giza totoro, usikimbilie bisibisi. Kando ya mdomo wa lenzi, pale lenzi inapofungwa, kuna kitufe cha kuzungusha kinachoinua kioo (kile cha ndani kinachoakisi picha kuelekea viufainda) na kukiacha juu. Rudisha kitufe mahali pake, kioo kitashuka.

Madoa ndiyo yanayowapotosha wengi. Watu husugua kioo, na kioo ndicho kisichostahili kuguswa: utando wake unaoakisi uko juu kabisa, kitambaa kikipita mara moja tu kinaacha mikwaruzo. Isitoshe, vumbi la kwenye kioo halionekani kama doa kali. Chembe unayoiona waziwazi, yenye kingo kali, iko kwenye skrini ya fokasi, kile kibati cha plastiki juu ya kioo ambapo picha unayoichungulia hutua, na haitatokea kwenye picha. Toa lenzi, tafuta kilachi (kikomeo) kidogo kwenye ukingo wa juu ndani ya mdomo, kivute kwa ncha ya kidole. Fremu inayoshikilia skrini itashuka. Shika skrini kwa kile kisikio chake kidogo, ukitumia kibano. Pulizia kwa pampu ya mkono. Vumbi likigoma, isuuze kwa maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, malizia na maji yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke uliopozwa), kisha pulizia tena. Alkoholi na asetoni weka mbali, maana skrini ni plastiki.

Kabla ya kuirudisha, chungulia bila skrini. Doa likibaki palepale, limo kwenye prizimu (kile kipande cha kioo chenye pembe juu ya skrini, kinachoelekeza picha kwenye jicho) au kwenye kioo cha jicho, yaani lenzi ndogo unayochungulia. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu. Doa jeusi au la kahawia lenye kingo zilizoyeyuka ni habari mbaya zaidi: ni sponji iliyowekwa kuizunguka prizimu. Ikizeeka inageuka lami yenye kunata, na lami hiyo inakula utando wa fedha wa prizimu. Hapo hakuna kusafisha kunakorudisha kilichokwisha kuliwa. Dawa ni prizimu nyingine kutoka kamera ya aina hiyohiyo. Ndiyo maana nashauri kwa moyo wote: kama prizimu yako bado ni safi, mpe fundi afungue kifuniko cha juu na kuiondoa sponji yote sasa, kabla doa halijaanza.

Nusu ya duara la kufokasi katikati ya skrini ikiwa nyeusi, kwanza sogeza jicho. Lenzi ambayo uwazi wake mkubwa kabisa ni f/5.6 au mdogo kuliko huo huleta hali hiyo bila kamera kuwa na kosa.

Picha zikitoka na fokasi iliyohama ilhali ulichungulia vizuri, hakikisha kwanza skrini imekaa sawasawa na fremu imebana hadi ikalia. Kisha fungua mlango wa nyuma, weka kipande cha kioo chenye upande uliokwaruzwa juu ya reli za ndani, ambapo filamu hulala, upande huo ukiangalia lenzi. Weka shata kwenye B (inayobaki wazi kadiri unavyobonyeza), ifunge wazi kwa kebo ya kubonyezea, lenzi ikiwa imefunguliwa kabisa. Lenga kitu cha mbali sana kisha linganisha na kile viufainda inachosema. Zikitofautiana, huenda kioo hakikai kwenye pembe yake.

Sponji ya juu inayopokea kioo nayo ikaguliwe. Ikiliwa, kioo hugonga chuma kila unapobonyeza. Mabaki yake yatoe kwa kijiti cha mbao kilicholowa isopropili kidogo, kamera ikiwa imeinamishwa mdomo chini, ili chembe zisiangukie skrini. Mpya isizidi unene wa ile ya zamani, la sivyo kioo hakitafika juu na ukingo wa picha utakatwa.