TAHADHARI: huyu muuza mashine za moshi za stejini ni tapeli

Jamani siku ya tatu hii nashindwa hata kuandika kwa hasira na aibu, ila acha niseme maana nikinyamaza kesho atampiga mwingine. Ni yule jamaa wa mashine za moshi anayejiita fundi, jina sitaji, mliokuwa mnamuulizia mnamjua.

Kilichoniponza ni ile video kolu. Kaweka mashine mezani, ananiambia "kaka jionee mwenyewe", akabonyeza rimoti, moshi ukatoka mzito mweupe mpaka sura yake ikapotea. Hapo hapo akafungua kava, akanionyesha pampu, akasema hita nimeweka mpya ya wati 1500 na bomba nimelisafisha lote. Sasa mtu anayekufungulia kifaa mbele ya macho yako utamshukuje? Na anaongea kifundi kweli, halafu mimi sio mgeni wa hivi vifaa. Nikatuma hela yote.

Mliokuwepo kwenye shoo mliona. Mpulizo wa kwanza safi, wa pili mwembamba, wa tatu inatema majimaji ya moto yanachuruzika stejini, binti mmoja aliyekuwa stejini akateleza akaangukia goti mbele za watu, huku harufu ya plastiki inaungua. Nilichomoa plagi mikono inatetemeka.

Nyumbani nikaifungua. Fyuzi ya joto, ile inayokata umeme hita ikizidi moto, haipo! Kaunga kipande cha waya kakizungushia tepu nyeusi, na tepu imeshayeyuka imegandia kwenye hita. Pampu nayo kaiunga moja kwa moja, haisubiri hita ipate moto. Nikapima hita na mita, ukinzani wake wa umeme ni omu 130. Hita ya wati 1500 kwenye volti 230 inasoma kama 35, hiyo 130 ni ya wati 400, yaani katoa kihita cha mashine ndogo kabisa kakipachika kwenye gamba kubwa. Ndo maana kwenye video alibonyeza mara moja tu, ilikuwa imeshapata moto kitambo.

Nilipompigia eti "boss utakuwa umeweka majimaji feki ya kutengenezea moshi", nilivyomtumia picha ya ule waya akaniblok.

Huyu afungwe. Hela inauma ila sio hela tu, kuruka fyuzi ya joto ni kutaka kuunguza ukumbi na watu ndani, afungwe na vifaa vyake vyote vikamatwe asiguse tena umeme wa mtu.

Mnaotaka kununua, mwambieni aiwashe ikiwa ya baridi kabisa, msubiri ipate moto mkiona, abonyeze mara nyingi mfululizo. Mimi nilimwomba aizime aanze upya akasema umeme wake unasumbua, nikakubali. Na hita ipimwe kabla hela haijatoka.

Mashine ninayo, ule waya sijaugusa, meseji zote zipo. Kesho asubuhi naenda polisi, aliyepigwa naye aniandikie inboksi twende wote, tukiwa wengi hachomoki.