Nimemwazimia baba CD ya Mwenda wa Bayeke, nikarudi na uchungu

Kama una mzee nyumbani na unafikiria kumwazimia muziki kwenye ile nyumba ya kuazimisha vitabu na CD kule Kamalondo, hapa Lubumbashi, nisikilize kwanza. Usiende. Ama nenda, lakini CD ipigwe mbele ya macho yako kabla hujatoa hata faranga moja.

Baba yangu ni mtoto wa Likasi, alizaliwa wakati mji ungali unaitwa Jadotville. Kule ndiko Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alikomkuta Jean Bosco Mwenda, ndiye huyo Mwenda wa Bayeke, mwaka 1952 na kulirekodi gitaa lake. Bosco alikuwa kijana wa miaka kama 22, mzaliwa wa Bunkeya. Wengine wanayasoma hayo vitabuni, ila kwa baba ni habari za mtaani kwao: kaka zake walijifunza gitaa kwa kuiga Masanga, wimbo wa Bosco, kidole gumba na cha shahada, viwili tu, na asiyeona mkono angeapa kwamba wanaopiga ni watu wawili. Tangu miguu imkatae baba hatoki nje, na anachoniomba ni kimoja, asikie Masanga. Kwenye simu hataki. Anasema sauti ya simu ni nyuki ndani ya kopo.

Basi nikaenda. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua kuanza. Nikaipata CD kwenye rafu ya chini, nyimbo za Bosco za zamani, na nilifurahi hadi nikaikumbatia pale pale mbele ya watu. Garanti, pesa unayorudishiwa ukirudisha CD, faranga 20,000; kukaa nayo siku tatu faranga 2,000. Nikalipa bila kuuliza. Jioni nikamweka baba kwenye kiti chake, mama akaacha bukari jikoni akaja naye kukaa, nikawasha redio.

Wimbo wa kwanza ukapita vizuri, wa pili pia. Ikafika Masanga. Gitaa likaanza, baba akafumba macho, na kabla hajavuta pumzi ya pili ikakwama. Tk-tk-tk-tk. Nikaitoa, nikaifuta kwa kitenge, nikairudisha: pale pale. Nikaigeuza kwenye taa nikaona mkwaruzo mrefu, mzee, umejaa vumbi ndani. Nyimbo nyingine zote ni nzima. Ule mmoja tu ndio uliokufa.

Kesho yake nikarudi. Mezani alikaa kijana mmoja, umri wa mwanangu wa kwanza. Nikamwambia, "Jambo, mwanangu. Hii CD ina kasoro, tazama hapa." Hakuinua uso. Akanijibu kwa Kifaransa, haraka haraka, kwamba Madame asome kanuni ukutani, anayeharibu ndiye anayelipa, na garanti yangu imekwisha. Nikamwonyesha vumbi ndani ya mkwaruzo, maana mkwaruzo wa jana hauwezi kuwa na vumbi la miaka. Akanisukumia CD kwa ncha ya kalamu. Kwa ncha ya kalamu, jamani, kama mtu anayesukuma mzoga wa panya.

Faranga 20,000 zinauma, lakini kilichonichoma zaidi ni hicho Kifaransa. Nimemsalimu kwa Kiswahili, na dakika moja kabla nilimsikia akicheka kwa Kiswahili na mwenzake mlangoni. Hapa Lubumbashi mtoto wa umri ule akiniona ananiita mama, hata kama hanijui. Yeye aliweka Madame katikati yetu ili nisipate pa kupita. Nyuma yangu kulikuwa na wanafunzi wanangoja, wakainamisha vichwa. Waliona aibu badala ya yule kijana.

Nitasema kweli yote, hata ile isiyonisaidia. Kwa vitabu nyumba ile haijawahi kunikosea. Nilichukua pale riwaya Entre les eaux ya Mudimbe, naye mtoto wa Likasi, ile ya mwaka 1973 kuhusu padri anayeacha parokia na kuwafuata waasi porini, nikaikuta na kurasa zake zote. Siku hiyo alikaa mezani mama mmoja mtu mzima, akaniuliza baba yangu anaendeleaje. Angekuwepo yeye, nadhani nisingekuwa naandika haya. Na wapi pengine mjini nimeiona CD ya Bosco kwenye rafu? Sijaona. Wanaojaza flashi kando ya barabara ukiwatajia Bosco wanakuuliza kama ni mchezaji wa mpira. Kwa hiyo ile nyumba inahitajika, na hilo ndilo linalonikasirisha mara mbili: wanashika kitu ambacho wazee wetu hawana pengine pa kukipata, halafu wanakitupa rafu ya chini kikwaruzwe.

CD bado iko hapa nyumbani, kwani kijana alikataa kuipokea na garanti alikataa kuitoa. Baba anaisikiliza kila jioni. Ikifika Masanga na kuanza ile tk-tk-tk, haniruhusu kuiruka. Anaweka mkono juu ya paja, gumba na kidole cha shahada vinaanza kwenda, na anaimalizia sehemu yote iliyokwama, kimya, mpaka mwisho. Gitaa lake aliliuza mwaka wa shida, zamani, ili sisi tusome. Ndipo ananipa ishara nibonyeze wimbo unaofuata.

Nilisema usiende. Mimi mwenyewe nitarudi siku ya posho, nimtafute yule mama, nimwambie yote kwa Kiswahili. Garanti wakitaka wabaki nayo. Ila kama kuna mtu Lubumbashi, Likasi au Kolwezi mwenye Masanga kwenye CD nzima, anipe kwa usiku mmoja tu. Nitaacha garanti anayotaka, na asubuhi nitairudisha mimi mwenyewe mlangoni kwake.