Hendibreki yangu, na kijana aliyeambiwa anyamaze

Nilipokaa kuandika haya nilikuwa nimekusudia kuipa hii gereji nyota tatu. Iko Dodoma mjini, jina silitaji. Walishanitengenezea rejeta wakati fulani, mpaka leo halijavuja, na bei yao haikuwa ya kumkomoa mtu. Basi nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka yule bwana, fundi mkuu wao, alivyomkatiza kijana wa watu, hasira inapanda upya, na sijui kama hizo tatu zitafika mwisho wa maelezo yangu.

Shida ilikuwa hendibreki. Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998, automatiki, na breki za nyuma ni za dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Mkono wa hendibreki ulikuwa unapanda mpaka unakaribia kusimama wima, na bado gari linasogea. Najua wapo watakaosema Dodoma ni tambarare, mteremko uko wapi. Mimi nafanya kazi UDOM, na chuo kile kimetawanyika juu ya vilima. Kuna maegesho kule ambayo usipokuwa na hendibreki ya uhakika huna amani. Siku hiyo, mvua zikiwa zinaelekea kwisha, niliegesha, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikaachia breki ya mguu ili gari likae juu ya hendibreki kwanza ndipo niweke P, ile gia ya kuegeshea, kama nilivyofundishwa. Likaanza kushuka polepole kuelekea walikosimama wanafunzi. Nilikanyaga breki, hakuna aliyeguswa, lakini mapigo ya moyo yalikaa juu mpaka jioni. Jioni hiyohiyo nikaenda gereji.

Fundi mkuu alisikiliza nusu ya maelezo yangu. Akavuta mkono mara moja, akasema, "Waya umelegea." Akaanza kufungua boksi la katikati ya viti, palipo na nati ya kukazia. Wakati huo alikuwepo kijana mmoja, spanaboi, sidhani kama amefika miaka ishirini, ameingia chini ya gari kwa nyuma. Nikaombwa nivute na kuachia, nivute na kuachia. Yule kijana akatoka, akajifuta mikono, akaniambia mimi, si bosi wake, kwa adabu kabisa: "Mama, waya wa kushoto una shida. Ukivuta unakwenda kidogo, ukiachia haurudi. Na mpira wake kule karibu na tairi umechanika."

Sentensi hizo fupi zilikuwa na kiini cha ugonjwa wa gari langu. Na ninavyoandika hapa nasikia sauti ya yule bwana akimjibu: "Wewe shika jeki. Maneno niachie mimi."

Kijana akanyamaza. Mimi nikauliza, je, si tufungue dramu tuangalie? Ndipo bosi akanigeukia mimi, mbele ya wanaume waliokaa kwenye benchi wakisubiri magari yao: "Mama, gari yenyewe automatiki. P inakutosha. Hendibreki ni mambo ya malori." Wakacheka wale wa kwenye benchi. Akakaza nati, akakaza tena, akashuka akalisukuma gari kwa mikono pale kwenye sakafu yao iliyo sawa kama meza, halikwenda, akasema imekamata. Nikalipa kwa simu, nikaondoka.

Ngoja niseme kuhusu hiyo P, kwa sababu maneno yale wanaambiwa watu wengi, hasa wanawake. P si breki. Ndani ya giaboksi kuna kijino kimoja cha chuma kinachoingia kwenye pengo la gia ili isizunguke. Ukiegesha kwenye mteremko ukategemea P peke yake, uzito wote wa gari unakilalia kijino hicho. Ndiyo sababu ya ule mshindo unaousikia ukitoa P asubuhi, kama chuma kimegongwa na nyundo. Hendibreki inashika magurudumu yenyewe, tena kwa waya, haihitaji mafuta ya breki hata tone. Siku paipu ya breki ikipasuka ukiwa njiani, huo mkono bado unao. Na kuna jambo jingine: katika Toyota nyingi za zamani zenye dramu nyuma, kile kifaa cha kujirekebisha kilichomo ndani ya dramu kinafanya kazi hendibreki inapovutwa. Mtu asiyeivuta miezi na miezi kwa kuwa ameambiwa P inatosha, brekishuu zake, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zinalika, pengo kati yake na dramu linaongezeka, na hakuna kinacholiziba. Waya nao ukikaa bila kutembea unashika kutu humohumo ndani ya ganda lake. Yaani ushauri aliokuwa anaugawa yule bwana kwa kicheko ndio unaozalisha ugonjwa uliomletea mteja.

Nirudi kwenye habari yangu. Siku chache baadaye nikapigiwa simu, shangazi yangu amefariki Kondoa. Maziko baada ya swala ya adhuhuri. Nikatoka Dodoma mapema, hendibreki chini, taa haiwaki kwenye dashibodi, kila kitu kinaonekana sawa. Nimepita Msalato nahisi gari zito, kama linapanda wakati barabara imenyooka. Kabla sijafika Mayamaya harufu ikaingia ndani, harufu ya kitu kinachoungua. Nikasimama pembeni. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa linatoa moshi mwembamba, na joto lake unalisikia usoni kabla hujainama.

Nilikuwa na dumu la maji kwenye buti. Nilikuwa nalifungua, lori moja likasimama, utingo akaruka chini anapiga kelele, "Mama usimwagie! Dramu litapasuka!" Mungu ambariki yule kijana na dereva wake. Waliweka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, wakanifungulia lile boksi la katikati, wakalegeza nati mpaka waya ukaning'inia, kisha wakaingia chini wakaugonga na kuuvuta ule waya wa kushoto kwa koleo mpaka ukarudi. Tukasubiri chuma kipoe kwa upepo. Hawakutaka hela, nilimlazimisha yule utingo akapokea ya soda.

Nilifika Kondoa jeneza limeshatoka nyumbani. Sikumwona shangazi yangu. Mama mdogo alinishika mkono akasema safari ni safari, mwanangu, usijilaumu. Sikujilaumu. Nilikuwa najua nani wa kulaumiwa, na ndiyo maana zile nyota tatu, sasa hivi ninapoandika, nimeshaziondoa mbili.

Niliporudi Dodoma nikapita gereji. Sikwenda kupigana. Nilikwenda na ombi moja: aitwe yule kijana, arudie mbele ya bosi wake alichoniambia. Bosi akasema, "Dogo hajui kitu, huyo ndiyo kwanza anajifunza." Kijana yuko palepale, ameshika ringi, anatazama chini. Kisha bosi akadai eti aliniambia nisiende safari ndefu. Hakusema neno hilo. Hakulisema kwa sauti wala kwa ishara. Nikamwambia baba, kama waya ulikuwa mzima, kwa nini umebaki umevutwa na mkono uko chini? Akaniambia mimi ni msumbufu, gari likiwa la zamani mwenye gari azoee.

Sikubali hilo hata kidogo. Gari la zamani halina siri. Kila kitu chake kinaonekana kwa macho, kinafunguka kwa spana za kawaida, na spea zipo mjini. Kinachotakiwa ni mtu aliye tayari kupiga magoti.

Mtu huyo nilimpata Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, mzee mmoja mwenye karakana ya mabati matatu na mwarobaini. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza swali ambalo gereji ya kwanza hawakuuliza: "Mwanangu, unapovuta, unasikia uzito toka mwanzo, au unakuja mwishoni?" Nikamwambia unakuja mwishoni. Akatikisa kichwa. Akapandisha gari nyuma, akaliweka juu ya stendi, si jeki peke yake, akafungua matairi yote mawili na madramu yote mawili. Alinitaka nikae karibu nione, na kila alichokiona alinionyesha.

Kushoto: brekishuu zimeungua mpaka zimekuwa na mng'ao wa kioo, zimepasukapasuka, na dramu limebadilika rangi, lina kibuluu cha chuma kilichopikwa. Waya umejaa kutu na udongo. Maji ya mvua na vumbi letu la Dodoma vimeingia pale mpira ulipochanika, palepale alipopasema yule kijana. Kulia: waya mzima kabisa, lakini brekishuu ziko mbali na dramu, ndiyo maana mkono ulikuwa unapanda sana bila kukamata. Kwa hiyo hapakuwa na waya uliolegea popote. Kushoto ulikuwa umeganda, kulia haukuwa na cha kushika. Yule bwana alipokaza nati kwa nguvu, aliulazimisha ule wa kushoto uvute, ukavuta, ukabakia hapohapo. Alilifunga breki gurudumu moja akanituma nalo Kondoa.

Mzee alikataa kuumwagia mafuta ule waya. Alisema ukiumwagia utateleza wiki mbili tatu, kisha kutu inarudi, na siku hiyo huwezi kuichagua. Tukanunua mpya, na brekishuu za pande zote mbili, maana hazibadilishwi upande mmoja, pamoja na dramu la kushoto la mtumba lililo katika hali nzuri. Akatazama pia silinda za breki kama zinavuja, kwa kuwa mafuta yakigusa brekishuu hakuna hendibreki itakayokamata, hata ukaze vipi. Zilikuwa kavu. Akasafisha, akapaka grisi kidogo sana kwenye zile sehemu tu ambazo brekishuu zinasugua bamba la nyuma. Halafu akafanya kile kilichonifanya nielewe ufundi ni nini: aliacha nati ya waya imelegea kabisa, akaanza kurekebisha brekishuu ndani ya dramu mpaka ukizungusha gurudumu unasikia mkwaruzo mwepesi tu. Ndipo, mwisho kabisa, akaigusa ile nati. "Waya ni wa mwisho," alisema. "Anayeanza na waya anaficha."

Mkono sasa unashika ukisikia milio sita au saba ya meno. Na hakuridhika kujaribu pale uwanjani kwake. Alipanda nami tukaenda mpaka kwenye mlima, gia kwenye N, yaani huru, hendibreki juu, mguu nje. Gari likakaa. Kisha akashuka akagusa ringi zote mbili za nyuma kwa kiganja kuona kama kuna iliyochemka. Zote mbili zilikuwa na uvuguvugu uleule.

Sasa nyota. Rafiki yangu mmoja aliyesoma haya kabla sijayatoa amesema nawaonea, kwamba kila gereji hukosea, na kwamba rejeta walilitengeneza vizuri. Ni kweli walilitengeneza vizuri. Kwa muda nikafikiri nimwachie huyo bwana hiyo moja iliyobaki kwa ajili ya rejeta. Mtu mwenye rejeta linalovuja akiniuliza, pengine ningemwelekeza huko.

Hapana. Nimesoma tena nilipoandika "wewe shika jeki", na siwezi kumwelekeza mtu huko. Kutojua si kosa, mtu anaweza kufundishwa. Lakini huyu hakukosa kujua, maana aliambiwa. Ugonjwa ulitajwa mbele yake na mbele yangu, kwa Kiswahili chepesi, na kijana aliyelala chini kwenye udongo akauona kwa macho yake, naye akachagua kumfunga mdomo kwa sababu ya cheo cha kushika spana kubwa. Kesho mwingine ataletwa na gari lake, huyo kijana ataona tena kitu, na safari hii hatasema. Gari hilo huenda lisisimame Mayamaya. Huenda likasimama kwenye miteremko ya Nyang'oro njia ya Iringa, au lisisimame kabisa.

Kwa gereji: sifuri. Ninataka hela yangu ya ufundi irudi, na nimeshamwambia hivyo ana kwa ana. Kwa yule kijana, kama kuna mwenye gereji Dodoma anayetafuta mtu, aniulize kwa faragha, nitamwonyesha. Mzee wa Chang'ombe nimeshamzungumzia habari zake, amesema aje hata wiki ijayo, atamfundisha madramu na disk na atamlipa kwa siku. Dramu lile la kibuluu na waya wa kutu ninavyo, viko kwenye mfuko nyuma ya buti, na bwana yule akisema namsingizia nitaviweka mezani kwake, tena kwenye benchi lilelile walipokaa waliocheka.