Kuhama X11 kwenda Wayland kwenye Debian: uzoefu wangu

Nilikuwa mgumu kuhama. X11, mfumo wa zamani unaochora madirisha kwenye kioo, ndiyo niliyoikuta nilipoanza kutumia Linux; Wayland ni mrithi wake. Sikuwa na ugomvi na X11 mpaka niliponunua laptopu ya mtumba ya inchi 14 yenye kioo cha 2560 kwa 1440, nikaiunganisha na skrini yangu ya zamani ya 1080p. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Plasma, mazingira ya eneo-kazi ninayotumia, ikiwa juu ya X11 inakupa kipimo kimoja tu cha ukubwa kwa vioo vyote. Nikikuza maandishi nisome kwenye laptopu, yale ya skrini ya pili yanakuwa kama ya bango la barabarani; nikiyapunguza, nainamia laptopu mpaka shingo inauma. Nilifikia hatua ya kutafuta mnunuzi wa ile skrini.

Linux yangu ni Debian; nilitoka Debian 12 kwenda Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Nilihifadhi kwanza faili zangu kwenye diski ya nje, nikabadilisha "bookworm" (jina la Debian 12) kuwa "trixie" (jina la Debian 13) kwenye orodha ya hazina za programu, kisha nikasubiri bando la usiku. Nikaendesha amri za apt update, apt upgrade, apt full-upgrade, nikawasha upya. Kwenye ukurasa wa kuingilia nikachagua Plasma ya Wayland. Usikisie kama uko X11 au Wayland. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye terminali, ikujibu wayland.

Nikaweka laptopu asilimia 150 na skrini ya pili asilimia 100. Dirisha nikilivuta kutoka kioo kimoja kwenda kingine linajirekebisha lenyewe. Nililivuta huku na huku mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa furaha. Ule mstari uliokuwa ukikata video katikati nilipokuwa X11 nao umetoweka.

Shida ya kwanza ilikuja siku ya mkutano: nilipoonyesha kioo changu, wenzangu waliona weusi mtupu. Programu ya mkutano ilikuwa ya kizamani, inapitia XWayland, daraja la programu za X11 ndani ya Wayland, na huko haiwezi kuona madirisha ya Wayland. Nilijiunga upya kupitia Firefox, nikiwa na PipeWire na xdg-desktop-portal-kde, zinazopitisha picha ya kioo kwa ruhusa yangu, mambo yakanyooka. Sasa mfumo unaniuliza kwanza nataka kuonyesha dirisha gani, na swali hilo nalipenda sana. X11 imekuwepo tangu 1987, na imejengwa kwa kuziamini programu zote zilizo kwenye kioo: yoyote inaweza kusikiliza vitufe unavyobonyeza kwenye nyingine, hata nywila ya benki. Kwangu hiyo peke yake ni sababu ya kuhama, hata kwa mwenye kioo kimoja.

Nilichopoteza ni xdotool, iliyokuwa ikinijazia anwani na maneno ya ankara kwa kitufe kimoja. Haigusi madirisha ya Wayland. Ydotool inaweza, kwa kuwa inapita kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, ila inataka ruhusa ambazo siko tayari kuzitoa. Kwa hiyo nanakili na kubandika kwa mkono, na inanichosha. Kama kazi yako yote imesimama juu ya skripti za namna hiyo, zijaribu kwanza kabla ya kuhama.

Skrini ya zamani bado iko mezani. Mnunuzi nilimwambia siuzi tena.