Uzoefu wangu: tuisheni ya Kemia ya jioni, na ile klorini ya 35.5

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Najua wapo watakaosema ningesubiri kwanza ipoe. Imesubiri tangu mvua za vuli na haijapoa.

Mimi niko kwenye duka la dawa muhimu huku Temeke. Cheti changu cha kidato cha nne kina F ya Kemia, na kozi ya famasia ninayoitaka haipokei mtu mpaka Kemia na Baiolojia zote ziwe zimepita. Nikaamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikatafuta kituo kinachofundisha jioni baada ya kazi, nikalipa ada ya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Jina la kituo silitaji. Ila mtu akiniuliza kama aende, jibu langu la kwanza ni asiende.

Tulianza na muundo wa atomi. Mwalimu mwenyewe ni mtu mzima, ana mwandiko mzuri, ubao wake unasomeka hata ukikaa nyuma kabisa, hilo simnyimi. Kiini katikati, ndani yake protoni na nyutroni, nje elektroni kwenye maganda yake. Ganda la kwanza hubeba mbili, la pili nane. Sodiamu 2, 8, 1. Klorini 2, 8, 7. Sisi tunanakili. Siku nyingine akatuandikia elementi 20 za mwanzo pamoja na uzito wa kila moja: haidrojeni 1, kaboni 12, oksijeni 16, sodiamu 23. Kufika klorini akaandika 35.5.

Nikainua mkono. Jioni ileile alikuwa ametufundisha kwamba uzito wa atomi unapatikana kwa kujumlisha protoni na nyutroni, na kwamba elektroni ni nyepesi mno kiasi cha kutohesabiwa. Klorini ina protoni 17. Ukizitoa kwenye 35.5 unabaki na nyutroni 18 na nusu. Nikasema, "Samahani mwalimu, hiyo nusu ya nyutroni inatoka wapi?"

Darasa lilikuwa limejaa, wengi ni vijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Akanitazama, akasema, "Mama, wewe si ndiye wa duka la dawa? Basi kahesabu vidonge. Hiyo 35.5 ikariri hivyo hivyo, haiulizwi." Wakacheka. Akageukia ubao na kuandika agoni.

Sikuandika neno tena jioni ile. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka kipindi kikaisha.

Kuhesabu vidonge ni kazi yangu na wala sioni haya nayo. Nikikosea hesabu, mtoto wa watu anakunywa dozi isiyo yake. Ndiyo maana ile nusu niliiona. Mtu aliyezoea kuhesabu vitu vizima kimoja kimoja akikutana na nusu pasipo na kisu, lazima aulize imekatwa na nani. Mwalimu wa Kemia aliyepata swali la namna hiyo angefurahi. Huyu aliona mama mzima anampotezea muda.

Jibu nililipata Jumamosi, kwa kijana anayeshika vipindi vya mwisho wa wiki. Sikumuuliza mbele za watu, nilishaogopa. Nilimsubiri mlangoni. Akaniambia, "Dada, umeuliza swali zuri sana," kisha akachukua daftari langu mwenyewe akaandika. Atomi za klorini si za uzito mmoja. Zote zina protoni 17, maana ikiwa na protoni nyingine hiyo si klorini tena. Lakini nyingine zina nyutroni 18, jumla 35, na nyingine zina nyutroni 20, jumla 37. Zinaitwa isotopu. Ukiokota atomi za klorini popote pale, karibu robo tatu ni za 35 na robo ni za 37. Akaniachia kalamu, akasema nichukue nne tu: tatu za 35, moja ya 37. Nikajumlisha, 142. Nikagawa kwa nne.

35.5.

Nilipiga makofi pale mlangoni kama nimeshinda bahati nasibu. Hakuna nyutroni iliyokatwa! Ni wastani tu, kama bei ya mafungu sokoni. Dakika tano, jamani. Ndizo alizoninyima yule mtu kwa ada niliyolipa mimi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata hilo la "haiulizwi" si kweli. Isotopu zimo kwenye muhtasari wa somo, na swali la kukokotoa uzito wa wastani ukipewa asilimia ni swali la kawaida kabisa. Kwa hiyo wale vijana waliocheka nao waliondoka bila kitu. Mmoja wao alikuja dukani baadaye kumnunulia bibi yake dawa ya kikohozi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilishapata jibu. Nikamwandikia namba zile nne nyuma ya bahasha ya dawa.

Sasa niseme na jingine, maana nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu yule kijana wa Jumamosi. Bondi za kikemia, yaani jinsi atomi zinavyoshikana, nimezielewa kwake, na sikuwahi kuzielewa tangu nazaliwa. Alikuja na bonge la chumvi ya mawe limefungwa kwenye gazeti, na nyundo ndogo. Akalipiga mbele yetu. Akatupitishia vipande tuvishike: vingine vilikuwa na nyuso bapa na kona zilizonyooka kama za kiberiti. Akauliza kwa nini halikusagika ovyo kama udongo.

Hapo akarudi kwenye 2, 8, 1 na 2, 8, 7. Sodiamu inatoa ile elektroni moja ya nje, klorini inaipokea. Sodiamu inabaki na protoni 11 lakini elektroni 10, ndiyo sababu inapewa alama ya kujumlisha, na sasa inaitwa ioni. Niliposikia hivyo nilitaka kulia. Miaka yote nilidhani ioni yenye kujumlisha ni ile iliyopata kitu. Kumbe ndiyo iliyotoa! Elektroni ina chaji hasi, ikitoka, kilichozidi ni chanya. F yangu nusu yake ilikaa kwenye alama hiyo moja, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Basi zile ioni zinavutana na kujipanga safu kwa safu, chanya kwa hasi, hasi kwa chanya. Ukipiga nyundo, safu inasogea kidogo tu, chanya inajikuta uso kwa uso na chanya, zinasukumana, bonge linapasuka kwa mstari. Halafu akaweka sukari kwenye kijiko kimoja na chumvi kwenye kingine, juu ya jiko la mkaa. Sukari ililainika, ikawa kahawia, darasa zima likanukia (akatuonya kuwa ukahawia ule ni sukari yenyewe inavunjika, si kuyeyuka tu). Chumvi ilikaa vilevile mpaka tukachoka kusubiri. Inahitaji nyuzi 801. Ndani ya molekuli ya sukari atomi zinashirikiana elektroni, hiyo ndiyo kovalenti, na zimeshikana barabara. Lakini molekuli na molekuli mwenzake hazishikani kwa nguvu kama ioni za chumvi.

Jumatatu yake nikiwa kaunta nikachukua pakiti ya ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, nikaisoma kana kwamba naiona mara ya kwanza. Kloridi ya sodiamu gramu 2.6, kloridi ya potasiamu 1.5, glukosi 13.5, na sitrati. Nimeziuza miaka. Nikimwambia mama mwenye mtoto anayeharisha, "changanya na lita moja ya maji safi," nilikuwa nakariri. Sasa najua kinachotokea kwenye ile chupa: chumvi zinaachana ioni moja moja, glukosi inaelea ikiwa molekuli nzima. Kwenye semina tulishaambiwa kwamba utumboni sodiamu na glukosi huingia pamoja na maji yakafuata, ndiyo maana sukari imo. Ila mpaka siku ile sodiamu kwangu ilikuwa neno la kwenye pakiti.

Kwa hiyo nimebadilika kidogo. Nilitaka kuandika kwamba kituo hakifai, na siwezi tena kuandika hivyo kwa dhamiri safi. Nilikwenda ofisini kudai ada yangu, wakaniambia ikishalipwa hairudi. Nikadai basi yule mwalimu aniombe radhi palepale alipowafanya watu wanicheke. Dada wa mapokezi akaniambia taratibu kwamba atalifikisha. Hadi leo kimya. Dada yule hana kosa. Mwenye kituo analo, maana anajua, na bado anamweka mtu huyo kwa wanaoanza, ambao ndio wenye maswali ya nusu nyutroni.

Kama una mtu anayerudia Kemia, mpeleke Jumamosi, kwa yule kijana, akae mbele. Mimi nimelipa mwezi wa nne kwa vipindi hivyo tu. Zile jioni za katikati ya wiki siendi, ingawa nimeshazilipia. Yule mwalimu wa jioni akitaka nirudi, anajua duka lilipo.